Soksi ya Darn Tough Hiker Micro Crew kwenye njia ya Machame, Mlima Kilimanjaro: inafaa wapi, inashindwa wapi, na inatunzwaje

Soksi hii ni ya kimo cha kati. Inaishia juu kidogo ya shingo ya buti la kawaida la mlimani, na imefumwa kwa sufu ya merino, nailoni na lastiki kidogo. Inatengenezwa Northfield, Vermont, Marekani, na kiwanda cha familia ya Cabot ambacho kimekuwa kikifuma soksi tangu 1978 na kuanza kutumia jina la Darn Tough mwaka 2004. Bei yake huko ni karibu dola 25 kwa pea moja. Kwa mtu wa Moshi, Arusha au Nairobi aliyezoea kuokota pea tatu za pamba mezani kwa mchuuzi na kubaki na chenji, bei hiyo inashtua, na ana haki ya kuuliza: pea moja ya namna hii inafanya kazi gani ambayo pea kumi za pamba haziiwezi?

Jibu liko kwenye lengelenge. Wengi hudhani lengelenge ni ngozi iliyokwanguliwa na kiatu kama ubao unavyokwanguliwa na msasa. Sivyo. Mguu unapokanyaga, mfupa wa kisigino husogea mbele na nyuma, lakini ngozi ya juu, ikiwa imenaswa na soksi, hubaki pale pale. Mfupa unakwenda, ngozi imegoma. Kinachoumia ni tabaka za katikati, ambazo huvutwa mara elfu kadhaa hadi zikaachana kwa ndani, kisha maji yakaja kujaza ule uwazi. Kwa hiyo adui ni kitu chochote kinachoinasa ngozi, na hakuna kinachoinasa kama unyevu. Ngozi kavu huteleza. Ngozi yenye jasho hushika, kama kidole kilicholambwa kinavyoshika ukurasa wa kitabu. Miguu miwili ina tezi za jasho zipatazo 250,000, na kwenye mwinuko wa msituni zote ziko kazini. Jasho halizuiliki, ila linaweza kuondolewa kwenye ngozi.

Pamba hulinywa jasho hilo na kukaa nalo. Uzi wake ukiloa huvimba, ule ulaini wa ndani hulala, soksi hulegea na kuanza kutambaa kuelekea vidoleni, na chini ya unyayo hutokea mkunjo ambao baada ya saa moja unauhisi kama jiwe. Jioni, kambini, soksi hiyo hiyo iliyoloa huutoa mguu joto lake, na asubuhi inayofuata bado haijakauka. Sufu ina tabia nyingine. Inaweza kunyonya mvuke wa jasho hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa, na hata ikilowa kabisa nyuzi zake hubaki zimejikunja na kushika hewa, kwa hiyo mguu haupoi kwa kasi ile. Tena haichukui harufu upesi kama poliesta, jambo ambalo wenzako wa hemani watalishukuru kufikia siku ya nne. Merino ni sufu laini: uzi wake mmoja una unene wa maikroni 24 au chini ya hapo, wakati unywele wa binadamu huwa kati ya 50 na 100. Ndiyo maana hauwashi kama sweta la zamani la shule.

Lakini merino peke yake ni dhaifu. Kwenye soksi hii zaidi ya nusu ya nyuzi ni sufu, na karibu theluthi ni nailoni, na hiyo nailoni ndiyo inayobeba mzigo wa msuguano kisiginoni na vidoleni. Ukikuta dukani soksi iliyoandikwa sufu asilimia 100, ni nzuri ya kulalia. Usiitembelee mlimani, itatoboka.

Igeuze ndani nje uone kazi yenyewe. Chini ya unyayo, kuanzia vidoleni hadi kisiginoni, kuna vitanzi vidogo vilivyosongamana kama vya taulo. Hivyo ndivyo mto wa soksi. Juu ya mguu hakuna vitanzi, kitambaa ni chepesi ili mvuke upite kuelekea kwenye shingo ya buti. Hapa wanunuzi wengi wa mtandaoni hukosea. Kwenye lebo za kampuni hii, neno Cushion lina maana ya vitanzi vya chini tu, na Full Cushion ni vitanzi vinavyouzunguka mguu wote hadi juu. Midweight na Heavyweight ni habari nyingine, zinahusu unene wa ufumaji. Unaweza kuwa na ya unene wa kati yenye vitanzi pande zote. Soma maneno yote mawili kabla ya kulipa. Kwa tathmini hii tunazungumzia ile ya unene wa kati yenye vitanzi vya chini.

Pitisha kidole kwenye mshono wa vidoleni. Kwenye soksi za bei rahisi mshono huu ni uvimbe unaolala juu ya kucha, na siku ya kuteremka ndiyo nyundo yake. Kwenye hii umelazwa bapa kiasi kwamba ukifumba macho unaweza usiupate. Katika vitu vyote unavyovilipia kwenye ile dola 25, huo mshono ndio wa kwanza, hata kabla ya sufu.

Unene si joto

Kosa kubwa kuliko yote tunaloliona miguuni mwa wapandaji si la pamba. Ni la kuvaa soksi mbili nene ndani ya buti moja ili kujikinga na baridi ya kileleni. Joto la vidole huletwa na damu. Buti likibana, damu haifiki vizuri, na hakuna sufu ya kondoo yeyote itakayosaidia. Zaidi ya hayo, soksi huhifadhi joto kwa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake, na ukizikandamiza hewa hiyo hutoka. Mtu mwenye soksi moja ya unene wa kati na nafasi ya kuchezesha vidole atapata joto kuliko aliyejaza buti hadi likafura.

Kipimo ni rahisi. Vaa soksi utakayotumia, funga kamba za buti kama utakavyozifunga usiku wa kilele, kisha jaribu kunyanyua na kukunja vidole vyote. Vikigoma, punguza soksi au ongeza namba ya buti. Kisha toa kamba, sogeza mguu mbele hadi vidole viguse ncha ya buti, na ingiza kidole chako cha shahada nyuma ya kisigino. Kidole kikiingia kwa raha, nafasi inatosha. Kisipoingia, kucha zako zitagonga mbele wakati wa kuteremka.

Wanaokodi buti Moshi na Arusha, na ni wengi, wana tatizo lao. Hufika dukani na kandambili, hupewa soksi nyepesi ya kujaribia, huchagua namba kwa soksi hiyo, na usiku wa kilele huvaa nyingine nene mara mbili yake. Beba soksi zako zote mbili, ya kutembelea na ya kilele, uendapo kuchagua. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, maana mlimani itavimba zaidi. Panda na kushuka ngazi mara kumi, na usione haya kumchosha mwenye duka.

Kuhusu saizi ya soksi yenyewe: mfuko wa kisigino lazima ukae kwenye kisigino, wala usipande kwenye kano iliyo juu yake. Ukipanda juu, soksi ni kubwa, na kitambaa kilichozidi kitajikunja vidoleni. Ukivutwa chini ya unyayo, soksi ni ndogo, na itaminya kucha. Ukiagiza kutoka Marekani kupitia ndugu aliye ughaibuni, kumbuka kwamba namba za viatu vya wanaume na wanawake huko hazilingani: mguu ule ule huwa na namba kubwa zaidi, kwa takriban moja na nusu, kwenye jedwali la wanawake. Buti la 42 la Ulaya ni kama 8.5 hadi 9 ya wanaume. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Soksi hii hunyumbuka, lakini ikizidi haipungui.

Siku sita kutoka lango la Machame

Njia ya Machame inaanzia mita kama 1,800, ndani ya msitu, na siku ya kwanza ni ya jasho na tope. Hapa Hiker Micro Crew iko nyumbani. Vitanzi vya chini vinapokea kishindo cha mizizi na ngazi, kitambaa cha juu kinapumua, na shingo yake inavuka ukingo wa buti vizuri bila kushuka. Ukifika kambi ya kwanza, mita 2,835, vua mara moja, kabla ya chai, kabla hata ya kuingia hemani. Ngozi iliyokaa kwenye unyevu saa saba ni laini kama ya mtoto na inahitaji hewa. Kambi hii iko ukingoni mwa msitu na ukungu wake haukaushi kitu. Usipoteze muda kutundika soksi kwenye kamba ya hema usiku kucha ukadhani utaikuta kavu.

Siku ya pili unatoka kwenye miti na kuingia uwanda wa Shira, karibu mita 3,850. Jua la huko ni kali na hewa ni kavu. Hapo ndipo pa kukaushia. Toboa ukingo wa juu wa soksi ya jana kwa pini mbili na uifunge nyuma ya begi dogo, upande wa jua, unapotembea. Pini mbili, kwa sababu moja huachia, na kwenye njia ile soksi iliyodondoka hairudi.

Mtindo unaofaa ni pea mbili za kutembelea zinazopishana: moja mguuni, moja juani. Ongeza pea moja nene ya usiku wa kilele ambayo haijavaliwa kabla, na pea moja ya kulalia ambayo haitoki hemani kamwe. Pea nne zinatosha kwa siku sita au saba. Tunakutana na watu wenye pea kumi na mbili, zote zimelowa nusu, zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Hizo ni gramu zinazobebwa na mgongo wa mpagazi bila faida.

Soksi nyembamba ya ndani ina mahali pake. Ni ya nailoni, poliesta au hariri, nyepesi kama ya kuvalia na kiatu cha ofisini, na kazi yake ni kuuhamisha ule msuguano: soksi inateleza juu ya soksi, ngozi inabaki na amani. Mtu anayepata malengelenge kila safari aijaribu, ila aijaribu nyumbani kwanza, na ndani ya buti lile lile, kwa sababu inachukua nafasi. Wrightsock hutengeneza soksi zenye tabaka mbili zilizounganishwa kwa lengo hilo hilo. Injinji wao hufuma kila kidole na nyumba yake, kama glavu, na kwa wale ambao malengelenge yao huwa kati ya vidole, hakuna dawa bora. Buti liwe pana mbele tu.

Ukihisi pamoto, yaani sehemu moja ya mguu inaanza kuchoma kama imekaribia jiko, simama. Usingoje kituo cha chakula, usiogope kuwachelewesha wenzako. Dakika tano sasa ni nafuu kuliko siku nzima kesho. Vua buti, kung'uta mchanga, futa mguu ukauke, bandika plasta ya kitambaa iliyo laini bila mkunjo na yenye pembe zilizokatwa kuwa mviringo, geuza soksi uone kama kuna jani au kokoto, vaa tena huku ukivuta kisigino kwanza na vidole baadaye.

Sasa kilele. Kutoka kambi ya Barafu, mita kama 4,670, watu huanza kupanda karibu na saa sita usiku, na baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Kwa usiku huu soksi tunayoitathmini haitoshi watu wengi. Mwendo ni wa polepole mno, mguu hautengenezi joto la kutosha, na ile sehemu ya juu isiyo na vitanzi ndiyo inayopitisha baridi kwenye kamba za buti. Hapa ndipo Full Cushion ya Heavyweight inapostahili bei yake, kama buti lina nafasi. Kama buti halina nafasi, vaa hii hii ya kati ikiwa kavu kabisa na ulegeze kamba kidogo eneo la vidole. Lala na soksi ya kilele ndani ya mfuko wa kulalia, tumboni, ili uivae ikiwa na joto. Soksi kuukuu nayo ibebe: ivishe chupa ya maji na uipindue chupa mdomo chini, maana maji huganda kuanzia juu.

Na wengi husahau kwamba ile siku haiishii kileleni Uhuru. Kutoka mita 5,895 hadi kambi ya Mweka, karibu mita 3,100, ni mteremko wa takriban mita 2,800 kwa siku moja, na sehemu ya kwanza ni vumbi la mawe ya volkano linaloingia kila penye upenyo. Vumbi hilo ndilo linaloziua soksi, siyo kutembea. Chembe zake ni kali, hujipachika kati ya vitanzi na kusaga nailoni kila hatua. Gaita fupi za kufunika shingo ya buti huzuia sehemu kubwa. Ukirudi Barafu, usiendelee na soksi ile ya kilele. Ivue, kung'uta buti, vaa ya kati iliyokavu, kaza kamba eneo la kifundo ili mguu usiteleze mbele. Kucha ziwe zimekatwa fupi, kwa mstari ulionyooka, siku mbili tatu kabla ya safari. Ukucha mweusi mara nyingi hulaumiwa buti, kumbe ulikuwa mrefu.

Pale Barafu hakuna maji, hubebwa kutoka bonde la Karanga. Kwa hiyo kama unataka kusuuza soksi, suuza Karanga au kabla yake, kwa maji ya beseni lako la kunawia, bila sabuni, na usimwage mtoni.

Njia nyingine zina hesabu nyingine. Kwenye kinamasi cha Naro Moru, Mlima Kenya, soksi hii inafaa mradi una pea ya kubadilisha upande wa pili. Rwenzori usiende nayo. Kule njia hukatiza matope ya Bigo na wenyeji pamoja na wageni hutembea na gambuti, na ukingo wa gambuti husugua shavu la mguu. Soksi ya kimo hiki inaliacha shavu hilo wazi, na kabla hujafika kambi ya pili utakuwa na pete nyekundu kuzunguka mguu. Chukua zinazofika chini ya goti, nene, na pea moja zaidi ya uliyopanga.

Kwenye meza ya mitumba

Si kila mtu ana ndugu Vermont. Soko la Memorial pale Moshi, Kilombero Arusha, Karume Dar es Salaam na Gikomba Nairobi hupitisha soksi za mlimani ambazo zimetoka kwenye kabati za Ulaya na Marekani, nyingine zimevaliwa mara mbili tatu tu. Smartwool, Bridgedale, hata hizi za Darn Tough, hutokea. Muuzaji huzichanganya na za mpira na za shule, na bei mara nyingi ni ile ile, kwa hiyo anayejua kukagua ndiye anayefaidi.

Ingiza ngumi ndani ya kisigino na uinyanyue kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako kupitia kitambaa, sufu imeshakwisha na imebaki nyavu ya nailoni. Iache. Rudia kwenye kidole gumba na chini ya unyayo, nyuma tu ya vidole. Vuta ukingo wa juu hadi upanuke mara mbili, uachie: ukirudi papo hapo, lastiki ni hai, ukibaki na mawimbi mawimbi, itashuka ndani ya buti. Minya vitanzi kwa vidole viwili. Vikiwa vimeshikana vigumu kama mkeka, soksi ilifuliwa kwa maji ya moto na haitarudi.

Lebo ya karatasi huwa haipo tena. Kujua kama ni sufu, chomoa uzi mmoja kutoka ndani, shika kwa kibanio na uuwashe mbali na meza ya watu. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzimika yenyewe ukiondoa kiberiti, na majivu yake husagika. Nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Mchanganyiko mzuri utakupa vyote viwili, harufu ya nywele na kidonge kidogo.

Jambo la afya lisipuuzwe. Fangasi wa miguu huishi kwenye soksi za watu, na maji baridi hayawaondoi. Soksi ya mtumba iloweke kwenye beseni la maji ya nyuzijoto 60 hivi, maji ya moto ambayo mkono hauvumilii lakini hayajachemka, bila kuisugua wala kuikoroga, na uiache hadi maji yapoe yenyewe ndani ya beseni. Kinachoiharibu sufu zaidi ni joto likichanganywa na msuguano, au kutolewa ghafla kwenye moto na kutiwa kwenye baridi. Fanya hivyo mara moja tu, siku uliyoinunua.

Kufua

Tuseme wazi: soksi nyingi za merino zinazokufa hapa kwetu hazifii mlimani. Zinafia kwenye karai la nyumbani, pamoja na sare za shule.

Adui wa kwanza ni jiki. Sufu ni protini, kama kucha na nywele, na dawa ya klorini huiyeyusha kabisa. Soksi iliyolowekwa kwenye jiki inaweza kutoka ikiwa na umbo la soksi lakini ni nailoni tupu. Wa pili ni sabuni kali. Sabuni ya mche na nyingi za unga zina alkali, ambayo hukausha uzi na kuufanya ukatike, na zile za unga zilizoandikwa kwamba zina vimeng'enya vya kuondoa madoa ni mbaya zaidi, kwa kuwa baadhi ya vimeng'enya hivyo kazi yake ni kumeng'enya protini. Shampuu ya nywele ya kawaida, kijiko kimoja cha chai kwa lita tano za maji, inatosha pea tatu. Wa tatu ni maji ya kulainisha nguo yenye manukato. Huacha utando juu ya uzi, na sufu iliyopakwa utando hainyonyi jasho. Soksi itanukia, na utapata malengelenge.

Fua hivi. Kwanza kung'uta vumbi lote ikiwa kavu, nje, kwa kuipiga ukutani. Vumbi la kule Barafu likilowa kabla ya kutoka huzama zaidi. Geuza ndani nje, kwa sababu jasho, chumvi na ngozi iliyokufa viko upande wa vitanzi. Loweka dakika kumi kwenye maji ya kawaida ya bomba au ya uvuguvugu, yasizidi nyuzijoto 30. Minya na kuachia, minya na kuachia, kama unayekanda unga laini. Usisugue kitambaa kwa kitambaa. Uzi wa sufu una magamba madogo, na ukiusugua magamba hushikana na kutengeneza kile kigumu tulichokisema. Soksi nyingi za kisasa zimetibiwa kiwandani kupunguza hali hiyo, lakini tiba hiyo haivumilii kila kitu. Suuza mara mbili, hadi maji yasiwe na povu, kwani sabuni iliyobaki huwasha mguu ukitoka jasho.

Usikamue kwa kusokota. Ilaze juu ya taulo kavu, vingirisha taulo kama chapati, kanyaga, fungua. Kisha anika kivulini penye upepo, ikiwa imelazwa juu ya kamba katikati yake. Ukiibana kwa ukingo wa juu, uzito wa maji utavuta lastiki. Jua kali la saa sita siku baada ya siku hudhoofisha nailoni na lastiki, ingawa jua la saa moja la asubuhi halina neno. Moto wa jiko, bati la paa na heta ni mwiko: nailoni hulainika, sufu husinyaa, na huwezi kuona kosa hadi uivae.

Kwenye mashine, tumia mzunguko wa sufu au wa nguo laini, maji baridi, ndani ya mfuko wa wavu, na mbali na zipu na vishikizo vya kunasa.

Kuhifadhi ni fupi lakini lina sharti: soksi ikae safi. Mabuu ya nondo wa nguo hula sufu, na hupenda zaidi ile yenye jasho na mafuta ya ngozi. Pwani, adui mwingine ni ukungu, kwa hiyo ikauke siku mbili kamili kabla ya kuiweka kwenye mfuko unaofungwa kwa kubana. Usizikunje kwa kugeuza ukingo wa moja juu ya nyingine kama tulivyofundishwa utotoni, lastiki hubaki imenyooshwa miezi yote hiyo. Zipange bapa.

Tundu dogo huzibika. Lisingoje liwe kubwa. Weka balbu iliyoungua au kikombe kidogo ndani ya kisigino, chukua sindano butu na uzi wa sufu uliochanganywa na nailoni, shona mistari sambamba kuanzia sentimita moja nje ya tundu, kisha rudi ukipitisha juu na chini kama anayesuka ukili. Usivute uzi ukakaza wala usifunge fundo, kwani fundo moja chini ya kisigino ni lengelenge. Acha mkia mfupi na uupitishe katikati ya nyuzi.

Darn Tough hutoa dhamana isiyo na muda kwa soksi zao: ikichakaa, unairudisha ikiwa imefuliwa na unapata nyingine. Kwa anayeishi Marekani hiyo ni sababu tosha ya kununua. Kwa wa Moshi, gharama ya kutuma kifurushi hadi Vermont inaweza kula faida yote, kwa hiyo usiihesabu dhamana kwenye bei. Hesabu soksi yenyewe, na kama yupo jamaa anayerudi huko, mkusanyie zilizochakaa aende nazo kwa mkupuo.

Kujua kwamba imefika mwisho, rudia kile kipimo cha ngumi na mwanga ulichofanya sokoni. Kisigino kikiwa nyavu, iondoe kwenye begi la mlimani hata kama haijatoboka, kwa sababu vitanzi vilivyokwisha havinyonyi jasho tena. Kata sehemu ya unyayo utupe. Shingo yake iliyobaki, ikiwa bado inabana, ivishe chupa ya maji ya usiku wa kilele.